Gauni Nililomtupia Jirani

Katika kanisa letu mwaka ulianza na kikapu. Jumapili ya kwanza ya Januari mama mchungaji alikipitisha kati ya viti kikiwa kimejaa vikaratasi vilivyokunjwa, na kila mtu alitumbukiza mkono akatoa mstari wake wa Biblia. Huo ndio uliokuwa neno lako la mwaka mzima. Uliubandika ukutani, uliuombea, na kila Jumatano kwenye maombi ya nyumbani uliulizwa umeuishi vipi. Desemba ulisimama mbele ya wote ukatoa ushuhuda.

Mwaka 2011 mama aliyekaa kulia kwangu alipata kwamba atakuwa kichwa wala si mkia. Aliyekaa kushoto, mtunza hazina wa akina mama, alipata mvua ya baraka kwa majira yake. Mimi nikafungua changu nikakuta Mathayo sura ya tano, pale Yesu anaposema mtu akitaka kukushtaki akunyang'anye kanzu, mwachie na joho. Nilicheka kwa sauti. Mchungaji alidhani ni furaha ya Roho, akaitikia amina.

Haikuwa furaha hata kidogo. Mimi ni fundi cherehani, na miaka mitatu kabla ya kikapu kile nilikuwa nimenyang'anywa kanzu, majoho, vyerehani na jina langu.

Wakati huo tulikaa mtaa wa Jeppestown, huku kusini tulikohamia kutoka Kongo, chumba cha ghorofani juu ya karakana ya kunyoosha bodi za magari. Nilikuwa na vyerehani viwili na pasi nzito. Mapema mwaka 2008 akina mama wa kanisa walichanga wakaagiza kitenge cha sare kutoka Lubumbashi, cha zambarau chenye vibuyu vyeupe, kije kwa basi. Kazi nikapewa mimi. Mama yangu kule Uvira alinifundisha kwamba sare haishonwi moja moja: unakata za wote kwanza, kila mtu unamfungia vipande vyake pamoja kwa utepe, ndipo unakaa kwenye cherehani. Ukifanya hivyo kitambaa hakikupungukii kwa mtu wa mwisho. Basi nikakata za wote, nikashona moja tu, ya kwangu, ili mama mchungaji aje aone mtindo kabla sijaendelea.

Siku aliyokuwa aje ilikuwa Mei, baridi kali, na nilikuwa nimelivaa gauni lile chini ya sweta. Hakufika. Walifika wanaume wenye marungu wakiimba kwamba wageni waondoke, na ngazi zote zikajaa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma na binti yangu mgongoni, wakati huo ana miaka minne. Tulilala kwenye hema nje ya kituo cha polisi, sisi na mamia ya wengine, Wakongo, Warundi, watu wa Msumbiji, wa Zimbabwe. Tuliporudi kuangalia, chumba kilikuwa kitupu. Walichukua hata waya wa kuanikia nguo.

Hayo ningeweza kuyabeba. Watu wengi waliyabeba, na wengine walipoteza zaidi ya vyerehani. Yaliyofuata ndiyo yalinivunja.

Jumapili ya kwanza tuliyokutana tena, kabla hatujaulizana nani yupo na nani ameondoka, mchungaji alihubiri msamaha. Yeye alikuwa anakaa mbali na fujo na hakupoteza hata kijiko. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Alisema tusizungumze tena mambo yale, tusiyataje hata kwenye maombi, kwa kuwa aliyesamehe huwa amesahau. Mimi nadhani pia aliogopa mwenye jengo tulilopanga kwa ibada, ambaye hakupenda maneno. Ikawa sheria ya kanisa: mambo ya Mei hayatajwi.

Na palipo na marufuku ya kusema wazi, watu hunong'ona. Walianza kuulizana mbona vitenge vya wote vimepotea na gauni la fundi tu, lile lililoonekana chini ya sweta kule kwenye hema, ndilo limepona. Mtu akasema ameona kitenge kama chetu kinauzwa mjini. Mwingine akasema wakati wa fujo kila mjanja alipata pa kufichia wizi wake. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Sikuambiwa lolote usoni. Niliona tu kwamba akina mama waliacha kuniletea vitambaa, na kwamba mtunza hazina akinisalimia anashika mkoba wake vizuri.

Nilimwomba mchungaji anipe nafasi nisimame nieleze. Alikataa.

"Dada, Mungu anajua," alisema. "Njo inatosha." Yaani hiyo tu inatosha.

Ndiyo, Mungu anajua. Lakini Mungu hakuwahi kuniletea kitambaa nimshonee. Walioniletea ni wale waliokuwa wakinong'ona, na mbele yao jina langu lilikuwa limechafuka. Niliendelea kukaa katika viti vile kila Jumapili kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri. Hilo ndilo lililonileta mpaka kwenye kikapu cha 2011, na ndiyo maana nilicheka.

Wakati huo tulikuwa tumehamia Bertrams, nyuma ya nyumba ya watu, chumba kimoja na jiko la nje. Mume wangu alikuwa mlinzi huko Midrand, kwenye mitaa ya matajiri yenye geti, na alikuja nyumbani siku zake za mapumziko tu. Ng'ambo ya ukuta alikaa mwanamke wa Kizulu, mtu mzima, mnene, ambaye mtaa mzima ulimwita Gogo, yaani bibi. Alikaanga magwinya, kama maandazi lakini makubwa, akauza getini asubuhi. Binti yangu akitoka shule alikwenda kwake mpaka nirudi kutoka kwenye duka la Mhindi nililokuwa nashonea mapazia. Gogo hakuwahi kunitoza kitu. Walizungumza Kizulu wawili hao, haraka haraka, wakicheka, na mwanangu akija kwangu Kiswahili kinamwishia njiani.

Siku moja ya Agosti nilirudi nikamkuta Gogo mlangoni kwake ananipungia mkono. Mtoto ana homa, amemlaza ndani. Sikuwahi kuvuka sebule ya nyumba ile. Nilimfuata mpaka chumba cha kulala, nikamwona mwanangu amefunikwa blanketi, nikamgusa paji la uso, na nilipoinua macho nikaliona pazia la dirisha.

Zambarau. Vibuyu vyeupe.

Mtu mwingine angesema vitenge hufanana. Lakini lile pazia halikuwa kitenge kizima. Lilikuwa limeungwaungwa kwa mkono, vipande kwa vipande, na vipande vyenyewe vilikuwa mikono, mabega, migongo. Nilivijua. Ule mkono mpana ulikuwa wa mama mmoja wa kwaya, sauti ya kwanza, ambaye alirudi Uvira baada ya fujo na hatukumwona tena. Na pale katikati, juu kidogo ya kizingiti, palikuwa na mgongo wa mtunza hazina. Bega lake la kushoto liko chini kuliko la kulia, na hakuna fundi mwingine hapa mjini anayemkatia upande mmoja chini hivyo. Alama zangu za chaki zilikuwa bado zinaonekana kwa nyuma. Nilisimama nikawasoma dirishani akina mama wa kanisa langu, mmoja mmoja, huku mwanangu anaomba maji.

Nilimbeba mtoto nikaenda naye nyumbani, nikampa dawa, nikakaa kitandani. Nilikuwa na hasira ambayo sikuwahi kuijua, na hata sasa nikiandika naisikia mikononi. Miaka mitatu nimeitwa mwizi kwa minong'ono, na ushahidi ulikuwa unaning'inia hatua chache kutoka bombani ninapooshea sufuria zangu, ukimkinga jua mtu anayemlisha mwanangu.

Homa ya mtoto iliposhuka nilikwenda kwa mchungaji, Jumatano, mapema kabla ya maombi. Nilimweleza yote. Nilimwambia aje na mtunza hazina, waje na macho yao, wasimame mbele ya pazia lile, kisha Jumapili aseme mbele ya watu kwamba fundi hakuiba. Hilo tu. Sikutaka kitambaa, sikutaka polisi.

Alinisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha akatabasamu.

"Mama Fundi, weye uko na Neno ya mwaka mu nyumba, juu ya ukuta. Mungu alikuambia tangu Januari. Mwachie. Unatafuta nini ingine?"

"Natafuta jina langu, pasta."

"Jina yako imeandikwa mbinguni."

Nilitoka bila kuaga. Wenzangu walikuwa wanaingia na Biblia zao, na nikapishana nao kwenye ngazi.

Nyumbani nilifungua Zaburi, zile ambazo hakuna anayeziweka kwenye kikapu. Ziko nyingi. Iko ile mtu anamwomba Mungu awavunje waovu meno midomoni. Iko nyingine mtu analaani mpaka watoto na mali ya adui yake, aya baada ya aya, na haombi radhi. Nilizisoma kwa sauti, moja baada ya nyingine. Niliona watu wale walikuwa na imani kuliko mimi, kwa sababu walimwambia Mungu walichokuwa nacho moyoni, si walichoambiwa na kikapu. Tangu siku ile siamini mtu akiniambia hasira si sala.

Kisha nikarudi kwenye ule mstari wangu ukutani, na nikausoma kama fundi. Mchungaji siku zote alieleza kwamba kanzu na joho ni kama shati na koti: umenyang'anywa shati, toa na koti, Bwana atakupa suti. Uongo. Watu aliokuwa anasema nao Yesu walikuwa maskini wenye vazi la ndani na vazi la nje, basi. Ukimpa mtu yote mawili umebaki uchi. Umebaki uchi mbele ya baraza, na yeye amesimama pale ameshika nguo zako mikononi, watu wanamtazama. Hapo nikauliza: ni nani mwenye aibu? Nikaona Yesu naye alikuwa na hasira siku aliyosema maneno yale, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikataka kumtii.

Gauni langu lilikuwa chini ya godoro, ndani ya plastiki. Sikuwahi kulivaa tena, ningelivaaje? Kesho yake, Alhamisi, nilipotoka kazini nikaenda nalo kwa Gogo. Alikuwa jikoni anakanda unga. Mwanangu alikuwa nje uani anaruka kamba. Sikuketi, sikusalimia. Nilimwonyesha kwa kidole upande wa chumba cha kulala, nikamwambia kwa Kizulu changu kibovu, "Vile ulichukua. Chukua na hili."

Nikalitupa gauni. Lilianguka juu ya meza, juu ya unga.

Gogo alilitazama. Alifuta mikono kwenye aproni, akalichukua kwa ncha za mabega, akalikung'uta unga taratibu. Macho yake yalijaa machozi. "Ngiyabonga, mntanami," alisema. Asante, mwanangu.

Nilifikiri nitapasuka. Nilikuwa nimekuja kumvua nguo mtu, naye ananishukuru! Niliondoka nikimburuta binti yangu kwa mkono, na nilikuwa nimefika robot ya pili, zile taa za barabarani, ndipo nikakumbuka kwamba nyumbani ni upande wa pili.

Ni mfanyakazi mwenzangu dukani, Mzulu anayesali kanisa moja na Gogo, aliyenieleza Ijumaa nilipomsimulia. Makanisani kwao sare ya akina mama hainunuliwi tu ukavaa. Wakubwa wanakuchunguza, wanakufunza, kisha siku moja wanakuvisha mbele ya wote, na kuvishwa ndiko kuambiwa sasa wewe ni wetu. Gogo wangu, alisema, hakuwahi kuvishwa maisha yake yote, kwa kuwa alizaa bila ndoa na wakubwa wa kanisa lake walikataa. Na mimi nimempelekea sare siku ya Alhamisi, ambayo ndiyo siku yao ya maombi ya akina mama.

"Umemvisha," mwenzangu alisema. "Eish, dada, umemvisha bila kujua."

Nilikasirika upya. Sasa hata tusi langu lilikuwa limegeuzwa baraka.

Jumapili tulikuwa katikati ya wimbo wa pili mlango wa nyuma ulipofunguka. Aliingia Gogo; kumbe alikuwa amemwuliza binti yangu tunasali wapi. Alikuwa amevaa gauni langu. Mimi ni mwembamba na yeye ni mnene, kwa hiyo alikuwa amelifumua ubavuni na kutia vipande, na vipande alivitoa kwenye pazia. Mishono ilikuwa mibaya, mikubwa, ya uzi mweusi. Akina mama waliacha kuimba mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa ameiona sare ile imevaliwa ibadani. Walichokuwa wanakikumbuka ni kitambaa tu, na sasa kilikuwa kinatembea katikati ya kanisa juu ya mwili wa mgeni, kikaketi safu ya mbele.

Kwetu mgeni husimama akasalimu. Mchungaji hakuwa na njia ya kulikwepa hilo. Aliuliza nani anajua Kizulu vizuri atafsiri, na kabla sijamshika, binti yangu alikuwa amekwisha kwenda mbele, amemshika Gogo mkono.

Gogo alisema kidogo kidogo, akimsubiri mtoto.

"Gogo anasema yeye anasalimia kanisa," mwanangu akaanza. "Anasema hii nguo alipewa na mama yangu. Anasema hii kitambaa ingine yeye alinunua. Ile mwaka ya kupigana. Alinunua kwa vijana kwa kona." Akamsikiliza tena. "Anasema ilikuwa imekatwa mikono mingi, imekatwa shingo, akajua ni nguo ya kanisa. Haikuwa ya duka. Anasema yeye alijua imetoka wapi. Anasema wote kwa mtaa walijua."

Mtoto alisimama hapo. Niliona uso wake unabadilika, kwa maana alikuwa anaelewa huku anatafsiri. Hatukuwahi kumweleza habari za mwaka ule.

Mtunza hazina alikuwa anatazama kipande kilichokuwa chini ya kwapa la Gogo, naye akainua mkono akajishika bega lake la kushoto.

Mchungaji aliona mlango wazi akaingia mbio. "Haleluya! Muone nguvu ya msamaha! Mama Fundi alimvisha adui yake, sawasawa na Neno alilopewa—"

"Sikumvisha," nilisema. Nilikuwa nimekwisha simama. "Nilimtupia. Nilimtupia kwa hasira, na hasira ninayo mpaka sasa. Sijasamehe mtu, pasta. Usiniwekee ushuhuda mdomoni."

Kanisa zima liligeuka. Binti yangu alinitazama kutoka kule mbele, bado ameshikana mkono na Gogo.

"Mama," aliuliza, "nimwambie hiyo pia?"

Ningeweza kusema hapana. Wangeimba, tungekwenda nyumbani.

"Mwambie," nilisema.

Akamwambia. Gogo alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akajibu maneno machache bila kumtazama mchungaji.

"Anasema alijua ulimtupia," mwanangu alisema. "Anasema nguo ya kanisa lazima irudi kwa kanisa, na watu waone nani alichukua."

Mchungaji akaanzisha wimbo. Waliimba kwa nguvu sana, jinsi watu wanavyoimba wakitaka jambo lipite. Ibada ilipokwisha akina mama walinijia kwa msururu, wakinikumbatia, wakiniuliza kama bado nashona. Mtunza hazina alikuwa wa kwanza. Alinishika mikono yote miwili, mkoba wake ameuacha kwenye kiti.

"Sisi tulijua tu, dada," aliniambia, machozi yanamtoka. "Mu roho yetu tulijua hukuiba."

Nilitoa mikono yangu mikononi mwake.

"Hamkujua," nilimwambia, nikimwonyesha Gogo. "Aliyejua ni yule pale."